Kuuzuliwa kwa Brian McDermott
Mnamo Julai 2018, klabu ya Leeds Rhinos ya Uingereza, ichezayo raga ya watu 13 kila upande, ilimuuzulu mwalimu wake Brian McDermott, hali ya kuwa haijatimia miezi tisa tangu alipowapatia ubingwa wa nne chini ya amri yake kwa kuishinda Castleford 24 kwa 6 uwanjani Old Trafford. Hatamu akakabidhiwa Kevin Sinfield, nahodha wake wa zamani. Kweli, ushindi ulikuwa umeadimika kwa majuma mengi; lakini, kwa rai yangu, wakubwa wale walifanya pupa, kwani mwaka 2016, timu ilipoporomoka hadi nafasi ya tisa baada ya mafuriko kugharikisha uwanja wao wa mazoezi, walimstahimilia, naye mwaka uliofuata akawalipa ubingwa.