Kabla ya Kuhama, Tuulize Maswali Matano

Ndugu wanakisomo, leo tuzungumze juu ya kuhama. Wapo wenzetu wa Kwimba, Magu na Misungwi ambao wakishauza pamba hufunga mizigo. Wengine huenda Mwanza mjini. Wengine huenda mwaloni kufuata dagaa na sangara. Kuhama si kosa. Lakini tukihama na watoto, hatutafuti fedha tu. Tunachagua mahali pa kuwalea. Basi tuulize maswali matano.

La kwanza: maji yako wapi? Mtu atasema, "Ziwa lile pale, maji tele!" Ni kweli, lakini ziwani kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Mtoto hupata choo chenye damu, na asipotibiwa ini huharibika. Kuchemsha maji ya kunywa ni vizuri sana, lakini hakumkingi mtoto anayeogelea. Tutafute mahali penye bomba au kisima, na penye vyoo. Tena bomba haliko ziwani tu. Tangu 2009 maji ya ziwa husukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, mpaka Kahama na Shinyanga.

La pili: shule iko umbali gani? Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, kuanzia msingi mpaka kidato cha nne. Sare na madaftari bado ni juu yetu. Hebu tutembee wenyewe mpaka shuleni, kwa mwendo wa mtoto wa darasa la kwanza. Tukichoka sisi, je, yeye?

La tatu: mama akishikwa na uchungu usiku, tutampeleka wapi? Mwanza iko hospitali ya Bugando. Lakini hospitali ni ile unayoifikia. Zamani mgonjwa wa kutoka Sengerema alisubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja la kilometa 3 mpaka Kigongo. Visiwani bado watu hutegemea vivuko na mitumbwi. Hatujasahau MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Hatusemi visiwani kusikaliwe. Tunasema tuulize: zahanati ipo? Mkunga yupo?

La nne: tutakula nini mwaka mzima? Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mapato hupungua. Mjini nako kila kitu ni kununua: unga, mkaa, maji, na kodi ya chumba juu yake. Tuandike mapato upande mmoja, matumizi upande wa pili, kisha tutoe.

La tano: tutakaa kwenye ardhi ya nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Jina la mume na la mke yote yaandikwe. Mjini tusinunue kiwanja kwa maneno matupu. Twende kwanza ofisi ya ardhi.

Wengi hudhani ni Mwanza mjini au kijijini, basi. Kumbe katikati iko miji midogo: Ngudu, Magu, Misungwi, Sengerema. Huko mtu aweza kuwa karibu na sekondari na hospitali, na bado akalima mahindi yake.

Ndugu zetu, tumejifunza kusoma na kuandika ili tutumie. Tuandike maswali haya matano kwenye daftari. Mume na mke waende wote wawili kutazama, maana anayechota maji ndiye anayejua umbali wa kisima. Majibu wayaandike huko huko. Wakirudi, wasome tena pamoja, ndipo waamue. Haraka haraka haina baraka.