Mota Iliyotengenezwa Upya Ikisumbua: Tuichunguze Pamoja Kabla ya Kulaumiana

(Mazungumzo na kamati za mitumbwi ya pamoja, Baraka, Kivu ya Kusini)



Tuliombwa tuzungumze juu ya amani ndani ya kamati. Tumechagua kuzungumza juu ya mota, kwa sababu tunaona magomvi yanaanzia hapo. Mota inakufa, watu wanachanga pesa, fundi anaifungua yote, anatia pistoni na segma mpya, anaifunga. Siku ya kwanza inawaka vibaya: haina nguvu, inatetemeka, inazimika ziwani. Kesho yake maneno yanaanza. Wenyeji wanasema nahodha wa wakimbizi ameiharibu kwa makusudi. Wakimbizi wanasema pesa ya vipuri imeliwa. Wengine wanataja uchawi. Mtumbwi unalala ufukweni, mihogo inaharibika, na mgonjwa anakosa njia ya kufika hospitalini.

Tena kuna hatari ya maisha. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika. Mota ikizimika mbali na Ubwari, watu hawaulizani nani mwenyeji na nani mkimbizi.

Mota hizi zikoje?

Mota nyingi za mitumbwi yetu ni za mipigo miwili. Nyingi hazina mahali pa oili peke yake kama gari. Oili inachanganywa na esansi. Mchanganyiko huo unapita kwanza tumboni mwa mota, pale krenki inapozunguka, ndipo unapanda kwenye silinda. Basi oili ikipungua, au hewa ikipenya kwenye kiungo kibovu, pistoni mpya inaungua na michango yenu inapotea mara ya pili. Kwa hiyo mota mpya ikisumbua, tusiilazimishe kwenda. Tuizime, tuichunguze.

Kwanza, tuelewane kwa maneno

Waliokaa Nyarugusu na Lugufu, kule Tanzania, wanasema plagi; waliobaki huku wanasema buji. Wao wanasema ringi, sisi tunasema segma. Hayo si kitu. Lakini kule petroli ni esansi, na huku petroli ni mafuta ya taa. Mtu akitumwa kununua petroli anaweza kuleta kitu kingine kabisa, bila nia mbaya yoyote. Kamati ichague jina moja na kuliandika kwenye kopo.

Pili, tufuate utaratibu

Tuanze na mambo rahisi yasiyohitaji pesa. Tubadilishe jambo moja tu, tujaribu, ndipo tuende kwa lingine. Tukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hatutajua lipi lilikuwa kosa.

1. Esansi na oili. Mimina esansi kidogo ndani ya chupa inayoonyesha, iache itulie. Maji yatashuka chini. Pima pia oili. Mota nyingi hutumia sehemu 50 za esansi kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20. Wakati wa kuzoeza vipuri vipya, nyingi hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 800. Kitabu cha mota yenyewe ndicho kinachoamua. Moshi mwingi katika saa hizo za kwanza si dalili ya uharibifu.

2. Tangi. Mota ikienda dakika chache kisha ikafa kama yenye njaa, angalia kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko. Kikifungwa, esansi haishuki.

3. Buji. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi na yenye kuloa inaonyesha esansi au oili imezidi, au moto ni dhaifu. Nyeupe inaonyesha joto kali: esansi haitoshi au hewa inapenya. Hapo msiendelee na safari.

4. Silinda moja moja. Zima mota, toa waya wa buji moja, uweke salama ukigusana na chuma cha mota, kisha washa tena. Kama mwendo haubadiliki, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

5. Maji ya kupoza. Mota ikiwaka lazima irushe maji kutoka kwenye kitundu chake. Yasipotoka, zima mara moja. Usiiwashe kamwe nje ya maji.

6. Mgandamizo. Fundi apime silinda zote. Segma mpya zinahitaji saa kadhaa kukaa vizuri, kwa hiyo upungufu mdogo si ushahidi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyenzake, hapo kuna sababu ya kufungua.

7. Hewa. Mota ikipiga kelele kwa kasi hata mkono wa gesi umerudishwa, huenda hewa inapenya kwenye gasketi au kwenye mipira ya kuziba ya krenki. Fundi aangalie.

Baada ya hayo yote ndipo tufungue. Tutazame kama mshale juu ya pistoni unaelekea upande wa kutokea moshi, na kama ncha za segma zimekaa kwenye vipini vyake vidogo.

Tatu, uchunguzi ufanyike mbele ya wote

Wawepo watu wawili wa kila upande, nahodha na fundi. Katika kamati moja tuliyoitembelea, mashtaka yalikuwa tayari kupelekwa kwa chifu. Walipomimina esansi kwenye chupa, maji yalionekana chini. Kopo lilikuwa limeachwa wazi usiku wa mvua. Barua ya mashtaka haikupelekwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Vipuri vya zamani visitupwe. Viwekwe mezani pamoja na risiti, kila mchangiaji avione. Kuwe na daftari la mota: tarehe, saa ilizofanya kazi, lita za esansi, kipimo cha oili, kilichobadilishwa. Na kabla mota haijafungwa, mkubaliane nani atangoja. Katika saa 10 hivi za kwanza mota haitakiwi kuvutwa hadi mwisho wala kubeba mzigo mzito. Wafanyabiashara hawapendi kusikia hivyo. Ikiwa mizigo ya upande mmoja peke yake itaachwa, ugomvi mwingine umezaliwa.

Labda mtauliza: na kama kweli mtu ameiba? Basi daftari na risiti vitaonyesha, na kamati itamshtaki mtu huyo kwa jina lake. Haitashtaki kabila lake wala kambi yake.

Ndugu wapendwa, mota ya pamoja ni mali ya watoto wenu wote. Mkirudi nyumbani, wekeni daftari hilo wiki hii, kabla mota haijasumbua.