MOTA IKIUNGUA, NANI ALIPE?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Sindo)



Nimeombwa niseme juu ya mota na jenereta. Labda mwingine atauliza, mambo ya mafundi yatuhusu nini sisi watu wa chama? Jibu langu ni hili. Mota ya mashine ya posho ikiungua, mwenye mashine humgeukia yule anayemimina mahindi, akamwambia, "Wewe umeiharibu, nitakata mshahara wako." Asiyejua jinsi mota ifanyavyo kazi hana la kujibu. Basi na tujifunze, tuwe na la kujibu.

Tuanze na jenereta. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya wa shaba ulioungwa ncha kwa ncha, umeme hutembea ndani ya waya huo. Jenereta ni hiyo: waya, sumaku, na nguvu ya kuzungusha. Kule Migori, kwenye maporomoko ya Gogo, nguvu ya kuzungusha ni maji ya mto Kuja. Kituo kile kilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder, kikiwa na uwezo wa kilowati 2,000.

Mota ni jambo lilo hilo likigeuzwa. Tia umeme katika waya ulio karibu na sumaku, na waya utasukumwa. Jenereta hupewa mwendo ikatoa umeme. Mota hupewa umeme ikatoa mwendo.

Mota kubwa ya posho huletewa umeme kwa fezi tatu. Fezi hizo hupokezana zamu, kama watu watatu watwangao katika kinu kimoja. Kwa kupokezana huko, nguvu ya sumaku huzunguka ndani ya mota. Katika mota ya ncha nne huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Katikati kuna rota. Hakuna waya wa stima unaoifikia rota hiyo. Umeme wake huzaliwa humo humo, kwa sababu sumaku inaipita, vile vile kama alivyoonyesha Faraday. Kwa hiyo rota huifukuza sumaku bila kuifikia kamwe, ikizunguka labda mara 1,440. Ingeifikia, umeme wake ungekwisha na nguvu yake pia.

Sasa shikeni neno hili: rota ikichelewa, mota huvuta umeme zaidi. Rota ikikwama kabisa, mota huvuta hata mara tano mpaka nane ya kawaida yake. Tena umeme ukiongezeka mara mbili, joto katika nyaya huongezeka mara nne. Ndipo mnaposikia harufu ya kuungua.

Mambo gani huichelewesha? La kwanza, mzigo: mahindi mabichi, beringi iliyokufa, au mkanda uliokazwa kupita kiasi. La pili, fezi moja kupotea; mtwangaji mmoja ameondoka, na wawili waliobaki wanabeba kazi ya watatu. La tatu, volti kushuka. Katika mambo hayo, mangapi yamo mikononi mwa mwendeshaji? Fezi haipotei kwa kosa lake. Tena kuna swichi ya ovalodi, ambayo kazi yake ni kukata umeme kabla mota haijaungua. Ikiwa imefungwa waya ili isikate, aulizwe aliyeifunga.

Nawaombeni mfanye hivi. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Usiwashe tena na tena ukitumaini itaamka. Usipeleke mkono kwenye mkanda kabla swichi kuu haijazimwa. Kisha andika katika daftari saa, uliyoyaona na uliyoyasikia, na jina la uliyemwarifu. Beringi ikianza kupiga kelele, mwarifu mwenye mashine siku ile ile, na hilo nalo liandike.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Angalieni neno "kusudi". Fezi iliyopotea si kusudi lako. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Ndugu zangu, sikusema haya ili tuwe wazembe. Mashine ikifa, kazi yetu nayo imekufa. Anayeijua mashine huitunza vizuri, na siku ya mashtaka husimama na daftari lake mkononi. Mwenzenu akiitwa kujibu, msimwache aende peke yake. Nendeni naye, mkaulize kwanza: ovalodi ilikuwaje?