Mashine Iliyofungwa: Fundi Aifungue?



Swali lililotuleta mbele yenu liliulizwa na kamati moja iliyopokea katoni ya kompyuta ndogo kutoka ng'ambo. Zinawaka vizuri, lakini kila moja inadai nywila ya aliyekuwa nayo kwanza. Kamati ikatuuliza sisi mafundi: si mzifungue tu? Kabla ya kujibu tuwasimulie habari ya mashine iliyouzwa Marekani mwaka 2000, maana ndani yake mna hoja za pande zote mbili.

Mashine hiyo iliitwa i-opener, ya kampuni ya Netpliance. Ilikuwa na kioo bapa, kibodi na modemu ya simu. Kazi yake ilikuwa barua pepe na intaneti, basi. Iliuzwa dola 99, bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Kampuni ilitegemea kurudisha fedha zake kwa ada ya dola 21.95 kila mwezi. Ndiyo sababu ilifungwa: haikuwa na diski, programu zake zilikaa katika kumbukumbu ya megabaiti 16 tu, na mteja hakuweza kuchagua mtoa huduma mwingine.

Machi 2000 mhandisi mmoja wa Las Vegas aliifungua yake. Ubaoni akakuta soketi ya pini 44, ya aina ile ile inayounganisha diski za kompyuta za mkononi. Ila safu mbili za pini zilikuwa zimebadilishana nafasi, hivyo kebo ya kawaida haikufaa. Akatengeneza kebo yake iliyogeuza safu hizo, akaweka diski, na chombo cha barua pepe kikawa kompyuta kamili. Habari zikaenea upesi. Watu wengi wakanunua mashine bila nia yoyote ya kulipa ada.

Kampuni ikabadili masharti ya kuuza, kisha ikabadili mashine zenyewe. Chipu yenye maelekezo ya kuwasha ikamwagiwa gundi ngumu, na pini za soketi zikaondolewa. Hapo kebo peke yake haikutosha tena, ikabidi kushika pasi ya kulehemu. Wanaoijua kazi hiyo wataelewa: pini 44 zilizoachana milimita 2 tu, na ukikawiza pasi mahali pamoja, njia nyembamba ya shaba inabanduka kutoka kwenye ubao. Sisi wenyewe tumeharibu mbao namna hiyo, hatuoni aibu kusema. Tena taa za nyuma ya vioo vya wakati ule zilitumia umeme wa mamia ya volti, si jambo la kugusa ovyo.

Mwaka 2001 Netpliance iliacha biashara hiyo, ikageukia usalama wa mitandao kwa jina la TippingPoint. Mwaka huo huo ilikubali kulipa dola 100,000 kumaliza madai ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, kwamba matangazo yake hayakueleza wazi mipaka ya mashine wala gharama zake.

Je, wale wenye pasi za kulehemu walikuwa wezi? Kwa maoni yetu, aliyelipa dola 99 dukani bila kutia sahihi mkataba wowote alinunua mali, na mali yake ana haki ya kuifungua. Kampuni ilipata hasara, lakini hesabu mbovu ilikuwa yake. Simu ya mkopo inayojifunga usipolipa ni jambo jingine, maana mkopaji alikubali sharti hilo na deni bado lipo.

Katoni yetu haifanani na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Hatujui kama aliyeitoa ndiye mwenye nywila, wala kama taarifa zake binafsi zimo bado. Zaidi ya hayo, katika vyombo vingi vya siku hizi kufuli limo ndani ya chipu yenyewe, au huthibitishwa kwa intaneti. Risasi na pasi havisaidii kitu.

Kwa hiyo hatukuzifungua. Tumemwandikia aliyezituma tukiomba mambo matatu: nywila, barua ya kukabidhi, na ruhusa ya kufuta kila kilichomo. Na kwenu wafadhili tuna ombi: fungueni kufuli huko huko kabla ya kupakia. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye nywila. Sisi tumeshalipia usafiri wa katoni hiyo kutoka bandarini, nayo imo kabatini hadi jibu litakapofika.