Kahawa Isiuzwe Ikiwa Maua
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sitasema maneno mengi. Nitasema habari ya butura, maana ndiyo iliyotukusanya.

Mwaka 2009 mwanangu alifaulu kwenda sekondari. Wakati ule ada ilikuwa bado inalipwa. Nyumbani hatuna kitu, na kahawa iko mtini. Akaja mtu mwenye fedha, akaikagua, akatupa kidogo, tukaweka dole gumba. Msimu ulipofika tulichuma sisi, tukaanika sisi, magunia akachukua yeye. Bei ya siku hiyo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyotupa. Nililia. Lakini mwenye shida hana sauti sokoni.

Mtu atauliza, Ushirika si ulikuwepo? Ulikuwepo. Wazee wetu walianzisha BNCU mwaka 1950 ili mkulima asinyonywe, na baadaye ikaja KCU. KCU imeuza kahawa Ulaya kwa wanunuzi wa biashara ya haki, ambao huweka bei ya chini kabisa isiyovukwa, na juu yake huongeza fedha ya maendeleo. Sehemu ya fedha hiyo ilinunua hisa za kiwanda cha TANICA pale Bukoba. Hiyo ni kazi ya kuungwa mkono.

Ila Ushirika unalipa kahawa iliyokauka na kupimwa, si maua. Mtoto anaumwa leo, na tumbo la njaa halina subira. Hapo katikati ndipo butura inapoingia. Maskini anakosa bei nzuri kwa sababu hana cha kumwezesha kuingojea.

Sanduku letu la kufuli tatu ndilo la kungojea. Mwanzoni tulikosea. Tulikopeshana kwa harusi na vitenge, miezi ya shida ikafika sanduku tupu. Tukakubaliana: miezi hiyo ada, daftari na dawa kwanza, marejesho baada ya mauzo.

Msimu uliopita wanachama wawili tu waliuza butura. Wengine walitaka wafukuzwe. Mimi nikasema tuwaulize kwanza. Wakajibu waliona aibu kukopa tena, maana deni la kwanza lilikuwa halijaisha. Akina mama, hapo kosa lilikuwa letu sote. Mtu akiona aibu kuja kwetu, anakwenda kwa mlanguzi.

Basi ninayo maombi matatu. Wanachama, kahawa yenu ianikwe vizuri, isichanganywe na mchanga, ipelekwe chama cha msingi. Wafadhili, mkitaka kutusaidia, ongezeni mfuko wa miezi ya shida, tena iwe mkopo na si zawadi, ili ukirudi umfae mwingine. Na nyinyi akina baba mlioketi kule nyuma, mama anapalilia, anachuma, anaanika, lakini kitabu cha chama kina jina lako peke yako. Liandikwe na la kwake.

Yule mwanangu alimaliza shule. Kahawa tuliyoiuza ikiwa maua haikurudi. Ya mwaka huu iko mtini, na ni yetu.