LESI YA NOELI: SINDANO, DAFTARI NA DAWATI

Maneno ya mwalimu mbele ya Kamati ya Kambi na kikundi cha ushonaji, Siku ya Wakimbizi Duniani



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii leo tarehe 20 Juni. Wakubwa wetu wanakumbuka kwamba siku hii ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika kabla ya kuwa ya dunia nzima mwaka 2001. Kila mwaka tunazungumzia vita na njia tuliyopita. Safari hii nimeombwa nizungumzie kazi, yaani mapambo ya lesi ya kutundika kwenye mti wa Noeli, yanayotariziwa kwa cherehani. Nitagusa mambo matatu: lesi hii ilitoka wapi, inatengenezwaje, na tufanyeje ili isitunyang'anye watoto shuleni.

Huenda mtu akauliza: mbona Noeli inazungumzwa mwezi Juni? Jibu ni rahisi. Wauzaji wa Ulaya hupanga mapambo madukani mapema, kabla ya majuma manne ya Majilio. Nyota inayomalizika tarehe 20 Desemba haina mnunuzi. Hii ni kazi ya kiangazi inayoliwa wakati wa mvua.

ASILI YAKE

Hapo zamani lesi ya Ulaya ilitengenezwa kwa mkono, na kipande kidogo tu kilichukua siku nyingi. Mwaka 1828 Josua Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, aliunda mashine ya kutarizi yenye sindano nyingi zinazokwenda pamoja. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akaunda nyingine inayotumia nyuzi mbili, wa sindano na wa chini, kama cherehani zetu. Chombo cha uzi wa chini kilikuwa na umbo la mtumbwi, ndiyo maana mashine ikaitwa Schiffli, yaani kijimashua kwa Kijerumani cha Uswisi.

Katika miaka ya 1880 mafundi wa Uswisi na wa Plauen, mji wa Saxony huko Ujerumani, walipata akili mpya. Walitarizi juu ya kitambaa, kisha wakakiyeyusha kile kitambaa kwa dawa, uzi ukabaki peke yake umeshikana. Mwaka 1900 lesi ya Plauen ilipata tuzo kuu katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris. Mji ukakua upesi, ukapita watu 100,000. Halafu mitindo ya nguo ikabadilika, vita vya 1914 vikafunga masoko, na mafundi wengi wakakaa bila kazi. Katika vita vilivyofuata, mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mji. Lesi yenyewe haikufa. Hata leo Plauen hutengeneza nyota na kengele za Noeli.

Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Mji uliotegemea kazi moja uliumia siku kazi hiyo ilipoumia.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Viwandani leo mashine huongozwa na kompyuta. Sisi tuna cherehani za kukanyaga, lakini kanuni ni ile ile. Badala ya kitambaa cha kuyeyushwa kwa dawa kali, tunatumia plastiki nyepesi inayoyeyuka katika maji matupu. Nitaandika hatua zake ili asiyekuwapo leo azisome katika jarida hili.

1. Chora umbo kwenye plastiki. Nyota ya theluji ina ncha sita. Piga duara kwa bikari, kisha bila kubadili upana wa bikari, tembea nayo juu ya mzingo. Utapata alama sita sawasawa, kwa kuwa 360 kugawanya kwa 6 ni 60. Nyota ya ncha tano inataka nyuzi 72 kila pembe, nayo hupimwa kwa kipimapembe.

2. Weka plastiki mbili pamoja katika fremu ya duara na uikaze hadi ilie kama ngoma. Mikono iwe mikavu, maana kidole chenye maji hutoboa tundu.

3. Toa mguu wa cherehani, na ushushe meno yanayosukuma kitambaa. Kama hayashuki, yafunike kwa kibati. Hapa wanafunzi wengi husahau jambo moja: ijapokuwa mguu umetolewa, wenzo wake lazima ushushwe. Usiposhushwa, uzi wa juu hauna mkazo na chini patajaa mafundo.

4. Tumia uzi wa aina moja na rangi moja juu na chini, kwa kuwa pambo linaloning'inia huonekana pande zote mbili.

5. Pitisha mstari wa nje mara mbili au tatu. Kisha jaza ndani kwa wavu wa mistari inayokatana, ukisogeza fremu polepole na kukanyaga kwa mwendo mmoja. Mwishoni rudi kwenye mstari wa nje, uunenepeshe kwa mishono ya karibu karibu.

6. Kabla ya kutoa fremu, inua kazi kwenye mwanga na ukague. Kila mstari uwe umefungwa na mwingine. Mstari usioshikwa na kitu utaondoka na maji, na tundu hilo halizibiki tena.

7. Kata plastiki ya pembeni na uiweke. Ukiiyeyusha katika maji kidogo hupata uji wa kukazia lesi. Loweka kazi katika maji ya uvuguvugu, lakini usiisuuze mpaka mwisho, maana masalio yake ndiyo yanayoifanya nyota isimame. Ikilegea sana, ichovye katika wanga mwepesi wa muhogo. Inyooshe juu ya ubao wenye kitambaa safi, ibane kwa pini, iache ikauke kivulini.

Plastiki ambayo haijatumika ifungwe katika mfuko usiopitisha hewa. Majira ya mvua unyevu peke yake huifanya inate.

HESABU YAKE

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nitoe mfano wa darasani tu. Tuseme uzi na plastiki ya nyota 10 vimegharimu shilingi 5,000, na kila nyota imechukua saa 2. Ukiuza kila moja shilingi 1,000, umepokea 10,000. Toa gharama, zimebaki 5,000. Gawanya kwa saa 20 za kazi, umepata shilingi 250 kwa saa. Anayesema amepata 10,000 amejidanganya. Mnunuzi akija na bei yake, mama mwenye hesabu hii anaweza kumjibu. Asiyekuwa nayo atashukuru tu na kupokea.

DAWATI

Sasa nafika kwenye jambo zito. Mbele ya Kamati kuna hoja kwamba cherehani zianze kazi asubuhi, na wasichana wa darasa la tano na la sita wasaidie mpaka maagizo yaishe. Tayari asubuhi nyingine naita majina na madawati yako wazi. Wazazi wa watoto hao wako hapa, nami sikuja kuwaaibisha. Mgao wa chakula ukipungua, mama hawezi kulisha watoto kwa ahadi ya elimu. Hilo nalijua kama mnavyolijua ninyi.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Msichana asiyejua kugawanya 360 kwa 6 atachora nyota iliyopinda. Asiyejua kusoma barua ya agizo atamtegemea anayesoma, na huyo ndiye atakayepanga bei. Vidole vyake vitakuwa hodari, naye atabaki kibarua wa mwingine. Na siku mapambo haya yakikosa soko, kama yalivyokosa Plauen, atakuwa hana cherehani wala cheti.

Kwa hiyo naiomba Kamati ipokee mambo matano.

Kwanza, asubuhi cherehani ziwe za akina mama na za vijana waliokwisha maliza shule. Mwanafunzi aje baada ya masomo, kwa saa mbili tu.

Pili, nyumba ambazo msichana ndiye mlezi wa wadogo zake zipewe zamu za kwanza za mchana na malipo ya kwanza. Hao ndio wanaoacha shule kwa kubanwa, wala si kwa kupenda.

Tatu, walimu tutafundisha bikari, pembe na hesabu ya bei kwa kutumia nyota hizi hizi. Jioni mbili kwa juma tutawafundisha akina mama kusoma na kuandika agizo.

Nne, daftari la mauzo liwekwe mahali pa wazi, lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Fungu litengwe kwa uzi na sindano, na fungu dogo kwa madaftari ya watoto.

Tano, tusitegemee Noeli peke yake. Mshono huo huo unafaa kola za magauni, shela za maharusi na vitambaa vya meza. Dada zetu Waislamu katika kikundi wamekwisha onyesha kwamba nyota nzuri hupamba hata zawadi ya Idi.

Agizo lijalo halijagawiwa bado. Naomba hoja ile ijadiliwe kabla ya kugawiwa, na akina mama wa kikundi wawepo katika mkutano huo na wapige kura, kwa kuwa watoto ni wao na mikono ni yao.