Umeme Nyumbani na Kanuni Zake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni anayezidi kuingia vijijini mwetu, naye ni umeme. Mgeni huyu ana manufaa mengi: huleta mwanga usio na moshi, huvuta maji, husaga nafaka. Lakini haonekani, hanusiki, wala hapigi hodi. Ndiyo sababu zikawekwa kanuni za kumkaribisha.

Wako watu wanung'unikao juu ya kanuni hizi. Husema, "Nyumba ni yangu, na nyaya nimezinunua kwa fedha zangu, mkaguzi ana haja gani nami?" Basi na tuchukue mfano. Tuseme mzee mmoja amejenga nyumba ya vyumba vitatu, na mpwa wake, ambaye si fundi, akatandaza nyaya zote kwa siku mbili. Mkaguzi akaja, akatazama, akakataa nyumba isiunganishwe. Mzee akaghadhibika. Na tuingie pamoja na mkaguzi tuone alichokiona.

Kwanza aliona fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kuyeyuka umeme unapozidi kipimo, ili nyaya zisiungue. Mpwa alikosa uzi wa fyuzi, akatia kipande cha waya mnene. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki. Kitakachoungua ni waya uliofichwa darini, na watu wamelala. Vijana, pigeni hesabu. Plagi yetu ya pini tatu bapa, ambayo kanuni yake ilitolewa Uingereza mwaka 1947, huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 halina neno. Lakini birika na jiko la wati 2,000 katika soketi moja ni wati 4,000, na hapo mzigo umezidi.

Pili, aliona kwamba swichi ya taa imewekwa katika waya wa kurudishia umeme, badala ya ule uletao umeme. Taa itazimika, naam, lakini umeme ungali pale juu unangoja. Mtu atakayepanda juu ya kiti kubadili taa, akiamini kwamba amekwisha zima, atajidanganya.

Tatu, hapakuwa na waya wa ardhini. Pasi ya chuma ikiharibika ndani, umeme huenea katika mwili wake. Ukiwapo waya wa ardhini, umeme hupita humo na fyuzi hukatika. Usipokuwapo, utapita katika mwili wa yule aishikaye pasi, naye pengine amesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Umeme wa miliampea 30, karibu sehemu moja ya tisa ya ule upitao katika taa ya wati 60, waweza kuudhuru moyo wa mtu. Kwa hiyo yafaa pia kuweka swichi ile ijikatayo yenyewe mara umeme unapovuja.

Mwaona, basi, kwamba kanuni hizi hazikutungwa kwa kuwasumbua watu. Mwaka 1882 chama cha wahandisi mjini London kilitoa kanuni za kuzuia moto utokanao na taa za umeme. Tangu hapo zimefanywa upya mara nyingi, na toleo la 18 lilitoka mwaka 2018.

Ukitaka kutia umeme, mtafute fundi mwenye leseni, wala usione haya kumwomba akuonyeshe. Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA. Kazi ikiisha, mwambie apime mbele yako waya wa ardhini na kila soketi.

Na ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimshike kwa mkono. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Waya wa nguzo ukianguka njiani, usiusogelee hata kidogo. Wazuie watoto, uwaite wenye kazi hiyo.

Yule mzee wetu alilipa fundi mara ya pili, na jambo hilo lilimwuma. Lakini mjukuu wake akiinyoosha sare ya shule jioni, mzee hana sababu ya kumchungulia kwa hofu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na umeme, wasikilizaji wetu, si mwiba.

Kwaherini, na mlale salama.